Tunu Zinapogongana Katika Utafiti wa Uendelevu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mtafiti, mwanafunzi wa shahada za juu au mratibu wa mradi ambaye ameingia uwanjani na kukuta watu wenye akili timamu, wanaotazama mto mmoja au msitu mmoja, wakitaka mambo yasiyoweza kukaa pamoja. Neno "tunu" hapa lina maana ya jambo ambalo mtu analithamini kiasi cha kuliongozea maamuzi yake: haki, uhuru, heshima ya mababu, kipato, uhai wa viumbe wengine, usalama wa watoto ambao bado hawajazaliwa.

Nitajuaje kama watu wanabishania ukweli, tunu au maslahi?

Muulize kila mmoja swali hili: "Ni taarifa gani ikipatikana, utabadili msimamo wako?" Anayejibu, "Nionyesheni kwamba maji ya ardhini hayashuki, nami nitakubali," anabishania ukweli. Mpelekee vipimo. Anayesema, "Hata maji yakiongezeka, msitu ule haukatwi," anatetea tunu, na kumrundikia vipimo ni kumjibu swali ambalo hakuuliza. Anayetaja nani atalipa na nani atavuna anazungumzia maslahi, na hapo kinachohitajika ni mazungumzo ya mgawanyo wa gharama au fidia.

Kuna aina ya nne ambayo hupita bila kuonekana: ubishi wa maneno. Kwa tafsiri ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), msitu ni eneo linalozidi hekta 0.5, lenye miti ya zaidi ya mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi. Shamba la miti ya mbao, hata la aina moja tu ya mti, linaingia humo. Kwa hiyo mwenye takwimu anaweza kusema msitu umeongezeka, na jirani yake anayetafuta dawa na asali akasema msitu umekwisha, na wote wawili wakawa wakweli. Kabla hujapima chochote, orodhesha maneno matano au sita yanayotumiwa na pande zote, kisha uliza kila upande unayaelewaje.

Mara nyingi aina zote nne zimefumwa pamoja. Andika kila dai kwenye kadi yake na uweke alama ya aina moja au mbili. Kadi hizo zitakusaidia kupanga utafiti mzima: za ukweli zinakwenda kwenye vipimo, za tunu kwenye mbinu zilizoelezwa hapa chini, za maslahi kwa wenye mamlaka ya kugawana, na za maneno zinamalizwa siku hiyo hiyo.

Kwa nini fani hii ina migongano kuliko nyingine?

Kwa sababu tunu imo ndani ya jina lake. Ripoti ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, ya mwaka 1987 ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Mahitaji yapi? Ya nani kwanza? Hakuna kipimo cha maabara kinachojibu hayo. Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa mwaka 2015 ni 17, yenye shabaha 169, na baadhi yanavutana waziwazi: kupanua kilimo ili kuondoa njaa kunaweza kula ardhi ile ile iliyotengwa kwa viumbe wa nchi kavu.

Horst Rittel na Melvin Webber, wataalamu wa usanifu na mipango, walieleza mwaka 1973 matatizo ya aina hii: hayana tafsiri moja, hayana mahali pa kusema "tumemaliza", na kila jaribio la kuyatatua linaacha alama isiyofutika. Huwezi kujenga bwawa kwa majaribio kisha ukaurudisha mto kama ulivyokuwa.

Je, mwanasayansi hapaswi kuziweka tunu kando kabisa?

Hapaswi kuziruhusu zimchagulie matokeo. Lakini kuziweka kando kabisa haiwezekani, na anayedai ameweza kwa kawaida amezificha tu, hata asizione mwenyewe.

Mwanafalsafa wa sayansi Richard Rudner alilionyesha hili mwaka 1953. Kila unapoamua kukubali au kukataa dhana, lazima uamue ushahidi kiasi gani unatosha, na kiasi hicho kinategemea uzito wa kosa. Ukipima kama kemikali fulani inaua samaki, unaweza kukosea kwa njia mbili: kutangaza hatari ambayo haipo, au kunyamaza ilhali ipo. Kosa la kwanza linamuumiza mwenye kiwanda. La pili linamuumiza mvuvi. Kizingiti cha asilimia 5 kinachotumiwa kwa mazoea katika takwimu, yaani kuruhusu nafasi isiyozidi 5 kati ya 100 ya kutangaza athari ambayo haipo, kinalinda zaidi dhidi ya kosa la kwanza. Hiyo si dhambi, lakini ni uamuzi, na mvuvi ana haki ya kujua kwamba umefanyika.

Kanuni ya kazi ni hii: tunu zina nafasi halali katika kuchagua swali, mipaka ya utafiti, kizingiti cha ushahidi na athari zipi zihesabiwe. Hazina nafasi katika kusoma kipimo, kufuta data zisizopendeza, au kuamua kwamba jambo ni kweli kwa sababu lingependeza liwe kweli.

Tunu hujifichaje ndani ya hesabu? Naomba mfano.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo mwanauchumi hutumia kushusha thamani ya gharama za baadaye ili azilinganishe na za leo. Chukua hasara ya 1,000,000 itakayotokea baada ya miaka 100. Kwa kiwango cha asilimia 1.4 kwa mwaka, hasara hiyo leo ina thamani ya takriban 249,000. Kwa asilimia 5, ni takriban 7,600. Hasara ile ile, mwaka ule ule, lakini jibu moja ni zaidi ya mara 30 ya jingine. Ndiyo sababu ripoti ya mwanauchumi Nicholas Stern ya mwaka 2006 kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi, iliyotumia kiwango cha chini cha takriban asilimia 1.4, ilitaka hatua kubwa za haraka, ilhali mwanauchumi mwenzake William Nordhaus, aliyetumia viwango vya juu zaidi, alipendekeza hatua zinazopanda polepole. Hawakutofautiana hasa juu ya fizikia ya hewa. Kiini cha tofauti yao kilikuwa uzito wa mtu wa kesho mbele ya mtu wa leo.

Mfano wa pili ni gesi joto. Methani hupasha joto sana lakini hudumu angani muda mfupi. Kwa tathmini ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), tani moja ya methani ni sawa na tani takriban 80 za hewa ukaa ukihesabu kwa miaka 20, na takriban 27 hadi 30 ukihesabu kwa miaka 100. Chagua miaka 20, na mifugo na mabomba yanayovuja gesi yanaonekana vibaya mno. Chagua 100, na makaa ya mawe yanarudi mbele ya foleni. Kipindi unachokichagua ni tunu iliyovaa nguo za tarakimu.

Sehemu nyingine za kuchunguza: mpaka wa eneo (je, kijiji kilicho chini ya mto kimo?), mwaka wa kuanzia kulinganisha, matumizi ya wastani badala ya mgawanyo (wastani wa kipato unaweza kupanda huku robo ya kaya ikifukarika), na kizio: uchafuzi kwa kilo ya chakula dhidi ya uchafuzi kwa hekta hutoa washindi tofauti kabisa.

Dawa ni daftari la maamuzi. Fungua jedwali lenye safu tano: uamuzi uliofanyika, chaguo lililochukuliwa, mbadala ulioachwa, sababu, na nani ananufaika au kuumia kwa chaguo hilo. Lijazwe siku uamuzi unapofanyika. Likijazwa mwishoni linageuka kuwa utetezi. Kisha kwa kila mstari wenye mbadala wa maana, rudia hesabu kwa mbadala huo na uchapishe majibu yote mawili.

Nianze lini kushughulikia mitazamo?

Kabla ya swali la utafiti kukaa sawa. Ukiwaita watu baada ya dodoso kuchapwa, unaweza kuwauliza maoni yao, lakini umekwisha kuwachagulia jambo la kutolea maoni.

Nani aalikwe, na nitajuaje nimemsahau nani?

Anza na makundi manne: wanaoamua, wanaoathirika, wenye maarifa, na wanaoweza kuzuia. Kwa kila jina, andika limepatikana vipi. Ukikuta wote wametoka kwa mtu mmoja aliyekuelekeza kwa rafiki zake, umechota kisima kimoja. Anzisha minyororo mitatu au minne ya kuelekezwa kutoka sehemu zisizojuana.

Halafu uliza kila unayezungumza naye: "Ni nani asingekubaliana na wewe, na anaishi wapi?" Swali hilo huleta majina ambayo hakuna orodha ya ofisi inayo. Wanaosahaulika zaidi ni wanaotumia rasilimali kwa msimu tu (wafugaji wanaohama, wavuvi wa miezi michache), wapangaji wasio na hati, vijana, na wanawake wanaotumia ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwingine. Acha kuongeza watu pale mahojiano matatu au manne mfululizo yasipoleta hoja mpya, si pale bajeti inapokwisha.

Vizazi vijavyo na viumbe wasiosema hawawezi kuitwa mkutanoni. Mpe mtu mmoja jukumu rasmi la kuwasemea, na liandikwe kwenye kumbukumbu kama jukumu. Lisipokuwa la mtu maalumu, kila mmoja hulitumia kupamba hoja yake mwenyewe.

Ninawezaje kuchora ramani ya mitazamo bila kuwabana watu kwenye "nakubali" na "sikubali"?

Mbinu ya Q, aliyoianzisha mwanasaikolojia William Stephenson mwaka 1935, ni imara kwa kazi hii. Badala ya kupima kila kauli peke yake, humtaka mtu apange kauli zote kwa kulinganisha moja na nyingine, na hapo ndipo vipaumbele hujitokeza.

Kusanya kauli 150 hadi 300 kutoka kwenye mahojiano, mikutano, magazeti na redio, kwa maneno ya wasemaji wenyewe. Chuja hadi 30 au 60, ukihakikisha kila upande wa mjadala umebaki na sauti. Kwa kauli 36, tengeneza ubao wa safu tisa kuanzia −4 hadi +4, wenye nafasi 2, 3, 4, 5, 8, 5, 4, 3, 2. Jaribu kwanza na watu watatu au wanne. Washiriki 20 hadi 40 wanatosha, mradi wametofautiana kimtazamo. Kila mmoja hugawa kadi katika mafungu matatu (naafiki, sina upande, napinga), kisha huzipanga kwenye ubao. Tenga dakika 45 hadi 60. Ukimaliza, usimwache aondoke kabla hujamuuliza kwa nini kadi za pembeni kabisa ziko pale. Maelezo hayo ndiyo yatakayokuwezesha kusoma matokeo.

Uchambuzi wa faktari (hesabu ya takwimu inayotafuta makundi ya majibu yanayofanana) hufanywa kwa watu, si kwa kauli: wanaopanga kadi kwa namna inayofanana huunda mtazamo mmoja. Kwa kauli 36, uzito wa mtu kwenye faktari, yaani kiasi ambacho mpangilio wake unafanana na mtazamo huo, unahesabika kuwa wa maana ukizidi 0.43, yaani 2.58 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 36. Kwa kawaida hupatikana mitazamo miwili hadi mitano.

Yanayoharibika: kauli yenye mambo mawili ndani yake ("bwawa litaleta ajira na kuua samaki"), ambayo mtu hajui aiweke wapi, kauli zote kutoka kwenye nyaraka za taasisi, hivyo wananchi wanapanga lugha isiyo yao, na kosa kubwa kuliko yote, kuandika kwamba "asilimia 40 ya wananchi wana mtazamo wa kwanza". Mbinu ya Q inaeleza mitazamo iliyopo na umbo lake. Haisemi watu wangapi wanaishikilia. Kwa hilo unahitaji dodoso kwa sampuli ya nasibu.

Je, nikitumia uchambuzi wa vigezo vingi (kupa kila chaguo alama kwa kila kigezo, kisha kuzijumlisha kwa uzani wa vigezo), uzani wa nani niuweke?

Wa kila upande, kila mmoja kwenye safu yake. Usiuchanganye kabla ya kuutazama.

Tuchukue mfano wa kubuni. Bonde lina chaguo tatu: bwawa kubwa, mitambo midogo kando ya mto, au mto uachwe. Vigezo ni umeme, kaya zisizohamishwa, na urefu wa mto uliobaki huru. Kila kimoja kina alama 0 hadi 100. Bwawa lina 100, 0, 0. Mitambo midogo ina 40, 90, 50. Kuuacha mto kuna 0, 100, 100. Kundi la kwanza linagawa uzani 60, 25, 15. Kundi la pili 30, 40, 30.

Kwa kundi la kwanza bwawa linapata 60, mitambo midogo 54, mto kuachwa 40. Kwa kundi la pili ni 30, 63 na 70. Ukichukua wastani wa makundi yote mawili: bwawa 45, mitambo midogo 58.5, mto kuachwa 55. Yaani chaguo lililoshinda kwa wastani si chaguo la kwanza la kundi lolote. Huenda ni njia ya kati ambayo wote wangeweza kuishi nayo, kwa kuwa kila kundi liliiweka ya pili. Huenda pia ni jambo ambalo hakuna atakayelilinda likianza kuyumba. Tarakimu haziwezi kukuambia ni lipi kati ya hayo. Warudishie wenyewe safu zote tatu muzijadili.

Namna ya kuuliza uzani ni muhimu mno. Usiulize "Je, kipi ni muhimu zaidi, umeme au makazi?" Swali hilo halina jibu mpaka ujulikane ukubwa wa mabadiliko. Uliza hivi: "Fikiria hali mbaya kabisa kwa vigezo vyote. Ukiruhusiwa kupandisha kigezo kimoja tu kutoka hali yake mbaya hadi nzuri, utaanza na kipi?" Hicho kipe 100, kisha vingine vilinganishwe nacho, halafu geuza jumla iwe 100. Kama tofauti kati ya chaguo ni kaya 900, uzani utakuwa mmoja. Kama ni kaya 9, lazima ubadilike. Utafiti mwingi unaharibikia hapa: uzani umekusanywa bila watu kuambiwa ni kaya ngapi.

Kosa jingine ni kuhesabu jambo moja mara mbili. "Uzuri wa mandhari" na "mvuto kwa watalii" vikiwekwa kama vigezo viwili, upande mmoja umepewa kura mbili. Na usisahau kwamba kujumlisha kwenyewe kunabeba tunu: kunadai kwamba umeme mwingi unaweza kufidia mto uliopotea. Mtu anayeamini kwamba kuna mtaji wa asili usiofidiwa na fedha wala mashine atakataa hesabu yote, na ana hoja. Kwa ajili yake, weka vizingiti kwanza (kwa mfano, mtiririko wa chini usioguswa), uondoe chaguo zinazovivunja, kisha ndipo upime zilizobaki.

Mshiriki anasema kitu fulani hakina bei. Nimwandikie sifuri?

Usithubutu. Sifuri ina maana "hakina thamani kwangu". Yeye anasema kinyume chake. Kwenye dodoso linalouliza mtu yuko tayari kulipa kiasi gani, weka jibu la tatu kando ya kiasi cha fedha na sifuri, "Sikubali kukitolea bei", na uliza sababu. Ripoti idadi ya majibu hayo kando ya wastani, maana ukiyaondoa kimyakimya utakuwa umewafuta watu wanaojali zaidi kuliko wote.

Tathmini ya mwaka 2022 ya IPBES, jopo la kiserikali la sayansi kuhusu bayoanuwai na huduma za mifumo ikolojia, kuhusu thamani za asili inasaidia hapa. Inatofautisha thamani ya matumizi (mti unatupa mbao), thamani ya kitu kwa nafsi yake (mti unastahili kuwepo), na thamani ya uhusiano (sisi ni watu wa mti huu). Bei hupima vizuri ile ya kwanza tu. Mbili zilizobaki zinahitaji masimulizi, ramani zilizochorwa na wenyeji, na mijadala ya pamoja.

Mkutano wa wadau uendeshwe vipi ili wenye nguvu wasiumeze?

Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mwenye mikono mirefu huvuta zaidi. Kwa hiyo usianze na mkutano wa wote. Anza na vikao vya kundi moja moja, watu 6 hadi 10, ili kila kundi lipate maneno ya hoja zake kabla ya kukutana na wengine. Kisha kikao cha pamoja, watu wasiozidi 25 au 30.

Kiongozi wa mradi asiwe mwezeshaji. Kila swali litanguliwe na dakika tano za kuandika au kutafakari kimya, kisha mzunguko wa mmoja mmoja, na mwenye cheo azungumze mwisho. Anayetangulia kusema huwachorea wengine njia ya kufikiri. Kura ipigwe kwa kadi zisizo na majina. Kama kuna tafsiri, ongeza muda maradufu, si robo. Lipia nauli na siku ya kazi iliyopotea kwa wasiokuja kwa mshahara. Kabla ya kufunga, soma kumbukumbu kwa sauti na usahihishe papo hapo.

Waambie pia, tangu dakika ya kwanza, maoni yao yana nguvu gani. Sherry Arnstein, mtaalamu wa ushirikishwaji wa wananchi, alipanga ushirikishwaji kwenye ngazi yenye vidato vinane mwaka 1969, kuanzia hila hadi wananchi kushika usukani. Kuwa kwenye kidato cha kuwasikiliza tu si aibu. Aibu ni kuwaambia watu wako kwenye kidato cha kuamua ilhali uamuzi ulitiwa saini mwezi uliopita. Watu waliodanganywa hivyo mara moja hawarudi, wala hawamwamini mtafiti atakayekuja baada yako.

Lazima tufikie mwafaka?

Hapana. Kinachotakiwa ni kuelewana juu ya mnachotofautiana. Kikao kilichoisha kwa sentensi kama "Sote tunakubali kina cha maji kinashuka, hatukubaliani nani apunguze kutumia" kimezaa matunda kuliko kile kilichotoa tamko laini ambalo kila mmoja amelitia saini shingo upande.

Je, kila mtazamo una uzito sawa?

Kila mtu anastahili kusikilizwa kwa uzito sawa. Madai ya ukweli hayalingani. Anayesema "Uhuru wangu wa kutumia ardhi yangu una thamani kuliko lengo la hewa ukaa" ametoa tunu. Iandike na uiheshimu. Anayesema "Hewa ukaa haipashi joto" ametoa dai la fizikia ambalo si kweli, na kuliweka kwenye ripoti kama "mtazamo mbadala" ni kumdanganya msomaji. Jitahidi hata hivyo kusikia kilicho chini ya dai la uongo. Mara nyingi ni hofu ya kupoteza riziki, na hiyo ni halali kabisa kuandikwa.

Maarifa ya wenyeji yakipingana na modeli yetu?

Usidhani modeli ndiyo hakimu. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya mwaka 1986, mvua iliangusha sesiamu, elementi yenye mionzi, kwenye milima ya Cumbria, Uingereza. Wanasayansi walitabiri kwamba marufuku ya kuuza kondoo ingekwisha baada ya wiki tatu hivi. Makadirio yao yalitegemea tabia ya sesiamu kwenye udongo wa mfinyanzi, unaoifunga. Ardhi ya milima ile ni ya mboji yenye asidi, inayoiachia irudi kwenye majani kila msimu. Wafugaji walijua udongo wao na mwenendo wa kondoo wao, lakini hawakuulizwa. Marufuku ya mwisho nchini humo iliondolewa mwaka 2012.

Hatua za kufuata: uliza kila upande umeona nini, wapi, na kwa muda gani, maana mara nyingi mmoja anazungumzia wastani wa eneo na mwingine bonde moja. Kubalianeni mahali pa kupima pamoja. Chagueni vituo vitatu au vinne kwa pendekezo la wenyeji na vingine kwa nasibu. Andikeni mapema ni matokeo gani yatamaanisha nani alikosea.

Kama maarifa hayo ni mali ya jamii, ridhaa ya mtu mmoja haitoshi. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 kuhusu haki za watu wa asili linatambua ridhaa ya hiari, ya mapema na yenye taarifa kamili. Ridhaa hiyo iruhusu pia jibu la "hapana", na "hapana" baada ya "ndiyo".

Timu yetu yenyewe haielewani. Mwanauchumi na mwanaikolojia hawazungumzi.

Tenga siku mbili mwanzoni mwa mradi. Siku ya kwanza kila mmoja ajibu kwa ukurasa mmoja: nini kwangu ni ushahidi, neno "endelevu" lina maana gani kwenye fani yangu, na jibu gani ningeumia kuliona. La tatu ndilo linalofungua vinywa. Siku ya pili jazeni mistari kumi ya kwanza ya daftari la maamuzi kwa pamoja. Kwa jambo msilokubaliana, fanyeni hesabu kwa njia zote mbili. Msipigie kura sayansi.

Mfadhili anataka matokeo fulani yasionekane.

Kinga huwekwa kwenye mkataba kabla ya fedha kuingia: haki ya kuchapisha bila idhini, mfadhili kupewa rasimu kwa siku 30 kutoa maoni tu, na mpango wa uchambuzi kuhifadhiwa wazi mahali penye tarehe kabla ya data kukusanywa. Bila vifungu hivyo, ujasiri wa mtafiti mmoja hautoshi.

Ripoti iandikweje?

Tenganisha sentensi za aina mbili. "Kaya 900 zitahama" ni matokeo. "Kwa hiyo bwawa lisijengwe" ni matokeo pamoja na tunu; iandike hivi: "Kwa anayeweka makazi mbele ya umeme, matokeo haya yanaelekeza bwawa lisijengwe." Msomaji anabaki huru, nawe hujaficha chochote.

Eleza uhakika kwa maneno yenye kipimo. IPCC hutumia "kuna uwezekano" kwa asilimia 66 hadi 100, na "kuna uwezekano mkubwa sana" kwa 90 hadi 100. Weka jedwali la maneno yako ukurasa wa mwanzo. Ukilinganisha bidhaa kwa tathmini ya mzunguko wa maisha (kupima athari za bidhaa tangu malighafi hadi taka) na unakusudia kuutangazia umma kwamba moja ni bora, kiwango cha kimataifa cha ISO 14044 kinakataza kutumia uzani kujumlisha athari ziwe alama moja. Sababu ni hiyo hiyo tunayoirudia: alama moja inameza tunu za aliyeipanga.

Maoni ya wachache yaingie ndani ya sura husika, kwa maneno yao, baada ya wao kuyasoma na kukubali kwamba ndivyo walivyosema. Ukiyaweka kwenye kiambatisho, umeyazika.

Ugomvi ukichacha katikati ya kazi?

Simamisha vikao vya pamoja, endelea na mtu mmoja mmoja. Usitoe rekodi wala majina kwa upande wowote, hata kwa nia ya kupatanisha. Kama kuna tishio kwa mshiriki, usalama wake unatangulia data zote: futa utambulisho wake, ijulishe kamati ya maadili ya utafiti, na uwe tayari kuiacha sehemu hiyo bila kuchapishwa. Rudi kwenye kikao cha pamoja pale tu pande zote zitakapokuomba, na kianze na jambo dogo la ukweli mnaloweza kulipima pamoja ndani ya wiki chache, kama vile kina cha kisima kimoja.